Rangi za Mimea, na Jinsi ya Kuzishikisha

Mama yeyote aliyelea watoto anayajua madoa mawili. La kwanza ni doa la manjano litokalo katika mchuzi. Nguo ikifuliwa na kuanikwa juani, doa hilo hufifia, na baada ya siku chache halionekani tena. La pili ni doa la utomvu wa mgomba. Siku ya kwanza halina sura, ni kama maji tu; baadaye hugeuka kahawia, kisha huwa kama jeusi; na hata nguo ikifuliwa kwa sabuni mara ngapi, doa halitoki mpaka nguo yenyewe ichakae.

Madoa haya mawili ndiyo somo letu la leo. Manjano yana rangi nzuri, lakini hayadumu. Utomvu wa mgomba hauna uzuri, lakini unashika. Basi mtu atakaye kutia rangi nguo, au ukindu wa mikeka, au kamba za vikapu, asiulize neno moja tu, yaani, "Mmea upi una rangi?" Sharti aulize na la pili: "Kitu gani kitaishika rangi hiyo isitoke?" Wengi huuliza la kwanza wakasahau la pili, na hasara yao hutoka hapo.

Tuseme mwanamke amekata makuti ya mkindu, akayachana, akatia rangi chane zake, akasuka shupatu kwa muda wa miezi, kisha akashona mkeka. Mnunuzi akavutwa na uzuri wake, akautoa fedha. Mwezi wa pili mkeka umepauka kama nyasi za kiangazi, na siku ulipopata maji rangi ilichujuka ikachafua kanzu ya mgeni aliyeketi juu yake. Mnunuzi huyo hatarudi, tena atawaambia wenzake. Kazi ya miezi imeharibiwa na kazi ya saa moja iliyofanywa vibaya. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na rangi isiyoshika huharibu hata usukaji ulio mwema.

JINSI RANGI ZILIVYOTUTOKA MIKONONI

Zamani rangi zote za nguo zilitoka katika mimea, wadudu, konokono wa baharini, na udongo. Mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18 jina lake William Henry Perkin alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza kwinini, dawa ya homa ya malaria. Kwinini hakuipata, bali katika chombo chake alikuta rangi ya zambarau inayoshika hariri. Kwa kuwa vitu alivyotumia vilitokana na lami ya makaa ya mawe, tangu hapo viwanda vya Ulaya vikaanza kutengeneza rangi za namna nyingi pasipo shamba wala mti. Mwaka 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kikaanza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na baada ya miaka michache biashara ya nili ya mashamba ya Bara Hindi ikaanguka.

Rangi hizo za unga zikafika madukani kwetu ndani ya vikopo. Ni rahisi kutumia na zina rangi nyingi; si ajabu watu walizipenda. Lakini ujuzi usiotumika husahauliwa. Siku hizi wako wanunuzi, wa hapa na wa nchi za mbali, wanaotafuta mikeka, vikapu na nguo zilizotiwa rangi ya mimea, na wako tayari kutoa bei kubwa zaidi. Twaulizwa kile tulichokiacha, na wanaokijua ni bibi zetu wachache. Kwa hiyo inatupasa kujifunza wakati waalimu wetu wangali hai.

KITU KINACHOSHIKA RANGI

Mtu akitafuna ndizi mbichi, au bibo ambalo halijaiva vema, kinywa hukauka na ulimi hukakamaa. Ukakasi huo waletwa na kitu kiitwacho tanini. Kimo katika magome ya miti mingi, katika majani ya chai, na katika maganda ya komamanga. Tanini yapenda kushikamana: hushikamana na ngozi ya mnyama ikaifanya isioze, ndiyo sababu hutumika kudabaghi ngozi, kadhalika hushikamana na nyuzi za pamba na za makuti. Hii ndiyo siri ya utomvu wa mgomba.

Manjano hayana tanini ya kutosha, na rangi yake hufifishwa na jua. Rangi nyingi za mimea zahitaji mtu wa kati, kama mshenga baina ya nyumba mbili. Mshenga huyo huitwa dawa ya kushikisha rangi. Ziko tatu zipatikanazo kwa urahisi:

Kwanza, shabu, yale mawe meupe yauzwayo dukani, ambayo watu huyatumia kusafishia maji. Shabu haibadili rangi sana, bali huing'arisha na kuishikisha.

Pili, tanini yenyewe, kutoka katika magome.

Tatu, chuma. Misumari yenye kutu ikilowekwa ndani ya siki kwa muda wa wiki mbili, maji yake huwa dawa. Chuma kikikutana na tanini, rangi huwa nyeusi. Watu wa Mali, Afrika ya Magharibi, huitumia njia hii tangu zamani: huloweka nguo ya pamba katika maji ya majani yenye tanini, kisha huichora kwa matope meusi yenye chuma ndani yake. Matope yakikauka na kuoshwa, michoro hubaki. Nguo hizo huitwa bogolan. Lakini chuma kikizidi hukata nyuzi. Nguo huoza mapema. Basi kitiwe kwa kadiri.

Iko na dawa ya nne, mruturutu, ambao ni wa shaba. Huo ni sumu, wadhuru watu na samaki, nasi hatumshauri mtu autumie nyumbani.

MATAYARISHO

Tafuta sufuria mbili, kijiti cha kukorogea, na kitambaa cha kuchujia. Vyombo hivi visipikiwe chakula tena kamwe, hata vikioshwa. Sufuria ya chuma tupu isitumike kwa rangi nyepesi, maana chuma chake kitaifanya rangi iwe nyeusinyeusi.

Nguo mpya ya pamba ichemshwe kwanza kwa saa nzima katika maji yenye sabuni na magadi kidogo, kisha isuuzwe sana. Nguo mpya ina wanga na mafuta, na palipo na mafuta rangi haingii. Ukindu uchanwe, uanikwe mpaka uwe mweupe, kisha uloweshwe kabla ya kutiwa katika rangi. Kitu kikavu kikitumbukizwa katika rangi hutoka na mabaka.

Tena pima. Asiyepima hataweza kuipata tena rangi ile ile aliyoipata jana, na mkeka wa rangi mbilimbili hauna mnunuzi.

RANGI YA KAHAWIA NA NYEUSI

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, nayo ndiyo inayodumu, kwa sababu tanini hujishikisha yenyewe. Watu wa pwani hutumia gome la mkoko, litoalo kahawia yenye wekundu. Walio katika nchi za baridi, kama Njombe, wana mwati. Walio katika nyika wana migunga. Mkungu nao hufaa, magome na majani. Wasukaji wa pwani walijua pia mdaa, ambao mizizi yake hutoa rangi nyeusi ya kupakia chane.

Kwa nusu kilo ya ukindu mkavu, twaa nusu kilo ya magome makavu. Yaponde, uyaloweke usiku kucha katika nusu debe ya maji. Asubuhi yachemshe kwa saa moja, kisha yachuje. Tia ukindu uliolowa, chemsha kwa moto mdogo kwa saa moja, ukigeuza mara kwa mara. Uache humo mpaka maji yapoe. Ukiweza uache hata kesho yake. Suuza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, kisha uanike kivulini.

Ukitaka nyeusi, baada ya kahawia uchovye ukindu katika maji ya moto uliyotia kikombe kimoja cha ile dawa ya chuma. Utaiona rangi ikigeuka mbele ya macho yako. Uutoe baada ya dakika kumi, uusuuze sana. Ikiwa haijaiva, rudia kuchovya katika rangi ya magome; usiongeze chuma.

RANGI YA KIMANJANO

Usitumie manjano kwa kitu kitakachokaa juani. Ni rangi ya kupendeza jikoni, na hufaa sana kwa somo darasani, maana maji yake yakitiwa magadi hugeuka mekundu, na yakitiwa ndimu hurudi kimanjano. Lakini jua huyala.

Badala yake tumia maganda makavu ya komamanga, ambayo yana rangi na tanini pamoja, au maganda makavu ya vitunguu. Kwanza shikisha nguo kwa shabu: kwa nusu kilo ya nguo kavu, yeyusha gramu 60 za shabu, yaani kama vijiko vinne vya chakula, katika maji ya moto. Tumbukiza nguo humo, uichemshe polepole kwa saa moja, uiache ipoe. Nguo ya pamba haipokei shabu kwa urahisi kama sufu. Kwa hiyo, ikiwa watumia maganda ya vitunguu, iloweke kwanza usiku kucha katika maji ya magome mepesi au ya chai. Kisha chemsha nusu kilo ya maganda, chuja, utie nguo kwa saa moja. Huenda kimanjano hiki kisiwe kikali kama cha manjano, lakini kitakuwapo hata manjano yamekwisha sahauliwa.

MZINGEFURI

Wengi huuliza juu ya mzingefuri, ambao wengine huuita mrangi. Mti huu asili yake ni Amerika ya joto, nao umestawi pwani yetu. Katika nchi ya Kwale, Kenya, wakulima huupanda kwa biashara. Mbegu zake, zilizo ndani ya maganda yenye nywele, zimefunikwa kwa rangi nyekundu inayotia alama mkono ukiigusa tu.

Mtu akizichemsha mbegu hizo katika maji matupu hushangaa kuona maji hayaivi. Sababu ni kwamba rangi hii haiingii katika maji. Huingia katika mafuta, au katika maji yenye magadi au majivu. Kila rangi ina ufunguo wake: nyingine hufunguliwa kwa maji, nyingine kwa mafuta, nyingine kwa majivu.

Lakini mzingefuri nao hufifia juani. Mahali pake hasa ni katika chakula, na huko ndiko unakotumiwa duniani, kutia rangi siagi, jibini na vyakula vya mafuta. Nyumbani, tia kijiko cha mbegu safi katika kikombe cha mafuta ya kupikia, pasha kwa moto mdogo mpaka mafuta yawe mekundu, yasiungue, kisha chuja. Mafuta hayo hutia wali na mchuzi rangi njema.

NILI

Rangi ya samawati iliyoiva hutoka katika mnili. Huu ndio mmea wa ajabu kuliko yote, kwa maana majani yake ni ya kijani tu, wala hayaonyeshi dalili ya nili. Kaniki za bibi zetu zilitiwa rangi hii. Katika mji wa Kano, Nijeria, yako mashimo ya kutilia nili ambayo yametumika kwa karne nyingi.

Kata matawi kabla mmea haujachanua. Yaloweke mazima katika pipa la maji, uyakandamize kwa jiwe, uyaache siku moja mahali penye joto. Maji yatakuwa ya kijanikijani yenye harufu. Toa majani, tia chokaa iliyozimwa kadiri ya konzi moja kwa debe, kisha uyapige maji: yateke kwa kata uyamwage kutoka juu, tena na tena, kwa nusu saa au zaidi, mpaka povu ligeuke samawati. Maji yanahitaji hewa. Hewa ndiyo inayoifanya nili. Yaache yatulie usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu polepole, uchuje tope lililobaki chini. Tope hilo ndilo nili.

Sasa shaka ya wengi yaanza. Nili haiingii katika maji. Ukiitia nguo katika maji ya nili hivi hivi, utaitia vumbi la samawati, nalo litafuliwa litoke. Sharti nili iondolewe hewa ile iliyoinywa. Itie katika maji ya majivu yaliyochujwa, pamoja na pumba na sukari guru kidogo, uufunike mtungi na kuuweka mahali penye joto kama la mwili wa mtu kwa siku kadhaa. Pumba na sukari zikichacha, zitaivuta hewa ile. Maji chini yatakuwa ya kimanjano na kijani, na juu yatafanya utando kama wa shaba. Hapo mtungi umeiva.

Tumbukiza nguo iliyolowa taratibu, pasipo kuvuruga. Baada ya dakika chache itoe. Itatoka ya kijani. Uishike hewani uitazame, nayo itageuka samawati machoni pako. Ukitaka iive zaidi, rudia mara tano, sita, hata kumi. Nili haihitaji shabu wala tanini, kwa kuwa ikisha kurudi hewani hufungwa ndani ya nyuzi. Ukiitia nguo iliyokwisha kuwa ya kimanjano, utapata kijani. Hadhari: chokaa na maji ya majivu huunguza macho na ngozi, watoto wasikae karibu.

KUIJARIBU RANGI

Kabla ya kutia rangi mzigo wote, tia chane tano au kitambaa kidogo. Kisha fanya majaribio mawili. La kwanza: funika nusu ya kitambaa kwa ubao, nusu uiache juani kwa wiki mbili. Ondoa ubao utazame. Kama nusu mbili hazifanani, rangi hiyo si ya kuuzwa. La pili: fua kitambaa kwa sabuni pamoja na kitambaa cheupe. Kile cheupe kikichafuka, rangi haikushika au haikusuuzwa vema. Kazi ya wiki mbili itamwokoa mtu na aibu ya mwaka.

Mtu akipata rangi njema, aandike: mmea gani, sehemu gani, uzito gani, dawa gani, saa ngapi, na abandike kipande cha kitambaa kando ya maandishi. Daftari hilo litakuwa urithi.

MITI YETU

Neno la mwisho ni la wazee wa vijiji hasa. Mti ukichunwa gome pande zote hufa, kwa kuwa chakula cha mizizi hupita katika gome. Zama za Wadachi, kabla ya mwaka 1914, magome ya mikoko ya Rufiji yalipelekwa Ulaya kwa kudabaghi ngozi. Miti iliyolipiwa bei siku moja yachukua miaka mingi kuota tena. Leo mikoko yahifadhiwa kwa sheria, nayo haikatwi pasipo kibali. Mkoko ni ukuta wa pwani na malezi ya samaki.

Basi chukua magome ya matawi yaliyokwisha kukatwa kwa kazi nyingine, kwa mfano katika miwati ya kuni. Mzizi wa mdaa uchimbwe upande mmoja tu, kisha shimo lifukiwe. Atumiaye na apande. Mwenye mkomamanga, mzingefuri na mnili uani pake ana duka la rangi lisilofungwa. Mwenye kutegemea msitu wa wote atarudi siku moja akute visiki. Wala maji machafu ya rangi yasimwagwe karibu na kisima.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini doa la utomvu wa mgomba halitoki, na doa la manjano hutoka?
2. Tanini ikikutana na chuma hutokea nini? Chuma kikizidi, nguo hupatwa na nini?
3. Kwa nini mbegu za mzingefuri hazitoi rangi katika maji matupu?
4. Nguo ya nili hugeuka rangi lini, na kwa sababu gani?
5. Mwulize bibi mmoja kijijini kwako alitumia mmea gani kutia rangi ukindu au kamba, na aliutumiaje. Andika maneno yake kama alivyosema, ulete shuleni.

Swali hili la tano lisiahirishwe. Mengine yote yaweza kujibiwa mwaka ujao, kwa maana majibu yake yamo humu.